Tafakari ya wiki: Niletee lile joho

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii tunasoma 2 Timotheo 4, mstari wa 9 mpaka wa 21, na naomba tusiuruke ule wa 13 kama tunavyourukaga siku zote. Huyu ni Paulo, mzee sasa, yuko kifungoni Rumi, ametoka kuandika yale maneno mazito ya vita vizuri na mwendo alioumaliza, yale tunayoyasoma kwenye misiba, alafu mistari michache mbele anamwambia Timotheo ukija niletee lile joho nililoliacha Troa kwa Karpo, na vitabu, hasa vile vya ngozi. Na kwenye mstari wa 21 anakazia, jitahidi uje kabla ya baridi kuingia. Yaani mtume wa mataifa anasikia baridi na anataka koti lake.

Joho lenyewe lilikuwa nguo nzito ya msafiri, haina mikono, mchana unalivaa usiku unajifunika. Na Troa sio jirani, ni pwani ya kaskazini magharibi ya Uturuki ya leo, huko mkoa wa Çanakkale, kwahiyo kulipata mpaka Rumi lazima mtu alibebe nchi kavu na baharini. Angeweza kusema Bwana atanipa lingine. Hakusema hivyo, alitaka lile lile.

Nimechagua somo hili kwa ajili ya binti yetu wa kwaya ambaye mwezi ujao anaenda Misri peke yake, kwa hela alizokuwa anadunduliza, hosteli ya vitanda vya ghorofa na chakula cha mtaani, hakuna wa kumpokea airport. Jumatano alipoomba maombi mlimpa Zaburi 121, mlimpa Yoshua 1:9, vizuri kabisa, na mtumishi mmoja akasimama akakemea ajali, akakemea kuchelewa, akakemea kila roho ya upotevu wa mizigo. Na mimi niliitikia amina kwa sauti. Ila nilipofika nyumbani nikabaki nawaza, huyu Paulo wetu anasema mwenyewe kwenye 2 Wakorintho 11 kwamba jahazi lilimvunjikia mara tatu, akalala njaa, akakosa usingizi, akapigwa na baridi, sasa tunamwambia nini huyu mtoto siku begi lake lisipotokea? Kwamba hatukukemea vya kutosha?

Mimi nimewahi kuizunguka Uturuki kwa staili hiyo hiyo ya kubana matumizi, peke yangu, mwezi wa kwanza, kwa sababu kipindi hicho cha mvua na baridi ndo vyumba vinakuwa bei chee. Nilikuwa nataka kuiona Efeso kwa macho yangu. Ndege ikafika, begi halikufika, na nguo zote za baridi zilikuwa humo. Pale kwenye dirisha la mizigo wakanipa karatasi yenye namba, wakaniambia fuatilia kwenye mtandao, dada mwenyewe hata hakuniangalia usoni. Kesho yake mashine ya benki ikameza kadi yangu, inatoa mlio, inaandika maneno ya Kituruki, alafu kimya. Nikabaki na hela kidogo niliyokuwa nimeificha kwenye soksi.

Sasa nikapanda basi la usiku kushuka kusini, na hapa ndipo nataka niende polepole kidogo. Kwenye mabasi ya masafa marefu kule kuna kijana anapita na kitoroli, anakupa chai na biskuti, iko ndani ya nauli, na kwenye basi letu alikuwa anapita pia na chupa ya kolonya, ile spiriti ya limau, unakinga mikono anakumiminia unajipaka mpaka shingoni. Kitu kidogo kabisa hicho. Lakini nilikuwa sijaoga, sina nguo ya kubadili, na ile harufu ya limau ilinifanya nijisikie mtu tena. Alfajiri tumefika stendi, choo cha kulipia, wanataka chenji, mimi sina hata sarafu moja, nimesimama pale nabana na kibegi changu mgongoni (ukisafiri peke yako hakuna wa kumwambia niangalizie begi, unaingia nalo mpaka chooni), na yule mzee anayekaa mlangoni akaniangalia, akaangalia viatu vyangu vya wazi, akapunga mkono tu, pita. Nilipotoka alikuwa amenisogezea kiti karibu na hita yake.

Kanisani tunatoa ushuhuda wa viza iliyotoka na kazi iliyopatikana. Sijasikia mtu anasimama anashuhudia kwamba mlinzi wa choo alimpitisha bure, na nikisimama mimi najua mtacheka. Lakini asubuhi ile mimi sikuwa na hitaji lingine lolote duniani.

Nilifikia Selçuk, mji mdogo tu, ukiwa pale Efeso ya kale unaifikia hata kwa miguu. Mama mwenye nyumba ya wageni alikuwa na jiko la kuni katikati ya sebule, birika mbili zimepandana juu yake, ya chini maji ya moto ya juu majani, na pembeni ya birika ameweka maganda ya chenza yanakauka kwenye bati la jiko, nyumba nzima inanukia. Alinitazama miguu. Akaingia ndani akarudi na soksi za sufu na sweta la mumewe, kubwa, la kahawia, linanuka dawa ya nondo. Nikaandika kwenye simu, kwenye ile programu ya kutafsiri, kwamba nitamrudishia nikiondoka, akasoma, na sijui simu ilimwambia nini maana alicheka mpaka akakaa chini. Kila asubuhi chai kwenye kile kigilasi kidogo chenye kiuno, vipande viwili vya sukari pembeni. Mchana nilikuwa nakula supu ya dengu kwenye mgahawa wa mafundi, unaminyia limau, na mkate wanakuongezea tu bila kukuchaji, kwahiyo niliishi kwa supu moja na mkate mwingi, na mhudumu nadhani alishajua maana alikuwa analeta kikapu cha pili kabla sijaomba.

Efeso yenyewe ni nzuri, nisiwadanganye, ingawa watu wote wanajazana kupiga picha kwenye ile maktaba ya Selsus ambayo ilijengwa baada ya Paulo kufa. Ukumbi wa michezo ni ule mkubwa wa mlimani, viti vya mawe vya watu kama 25,000, hapo ndo ile ghasia ya Matendo 19 ilitokea, watu wanapiga kelele karibu saa mbili nzima wakimsifu mungu wao wa kike, Artemi wa Waefeso ni mkuu. Nilikaa pale juu na sweta la mume wa mtu, mvua inanyesha, bandari ambayo Paulo angeiona haipo tena, mto uliijaza matope na bahari ikasogea mbali. Na sikuwaza mambo makubwa ya kiroho. Nilikuwa nawaza supu.

Sasa tuje Malta, Matendo 27 na 28, someni sura zote mbili wiki hii. Watu 276, Paulo akiwemo kama mfungwa, kwenye meli ya Aleksandria, usiku wa kumi na nne wa kusukumwa na upepo, meli inavunjika, wanafika ufukweni wengine kwa kuogelea wengine wamepanda mbao. Mungu alishamwahidi Paulo kwamba hakuna atakayekufa, na kweli hakufa mtu. Lakini angalieni ahadi ilipoishia. Hakuahidiwa nguo kavu. Wamefika wamelowa, mvua inanyesha, baridi, na Luka anaandika kwamba wenyeji wa kile kisiwa waliwafanyia wema usio wa kawaida, na huo wema akiutaja ni nini, ni kwamba waliwasha moto. Basi. Wakawakaribisha wote motoni, wafungwa, askari na mabaharia. Watu ambao hawamjui Mungu wa Paulo, hawajasikia injili, ukisoma mbele kidogo utaona wanamdhania muuaji, alafu wakishangoja sana na kuona hadhuriki na nyoka aliyemuuma wanamdhania mungu, yaani theolojia yao imevurugika kabisa, na moto wao ulikuwa wa moto vile vile.

Naona hapo ndipo sisi wapendwa tunapokwama. Kutoa tunajua, tena tunapenda, tunapanga mpaka foleni tukapigwe picha na ndoo za mafuta ya kula kwenye kituo cha watoto. Kupokea hatuwezi, na hasa kupokea kutoka kwa mtu tuliyezoea kumhesabu kwamba ndiye anayetuhitaji. Paulo ndiye aliyewaambia wazee wa Efeso pale Mileto yale maneno ya Bwana Yesu, ni heri kutoa kuliko kupokea, iko Matendo 20:35, na tunainukuu kila siku ya harambee. Haya, msikilizeni huyo huyo sura nane mbele, amekaa amelowa kwenye moto wa watu, hana cha kutoa, anapokea. Anachoweza ni kuokota kuni tu, na kuni zenyewe zikatoka na nyoka. (Hii huwa inanichekesha, samahani. Mtu ameokoka baharini, anasaidia kazi ndogo ya heshima, nyoka.)

Kuna dada aliniuliza baadaye, sasa yule mama wa Selçuk ulimshuhudia? Hapana, nilikunywa chai. Yeye aliswali, mimi niliomba kimya kimya kabla ya kula, akaniona, akasubiri nimalize ndo akanimiminia. Najua kuna watakaosema nilipoteza nafasi. Mimi nasema siku zile nafasi ilikuwa ni yake, Mungu alikuwa anamtumia yeye kunitunza mimi, na mimi kuanza kumhubiria ndani ya sweta la mumewe ili nijisikie nimelipa, hapana, hiyo ingekuwa kiburi tu kimevaa tai ya utumishi.

Alafu kuna ule upweke, huo nao binti yetu aujue mapema. Kula peke yako kila siku, kucheka kitu na hakuna wa kumgeukia, jioni inaingia saa kumi na moja na mvua na wewe uko kitanda cha juu unasikiliza wageni wanaongea lugha usiyoijua. Matendo 20:13 inasema wenzake Paulo walipanda meli kutoka Troa, yeye akaamua kwenda kwa miguu mpaka Aso, ni zaidi ya kilomita 30, na ni yeye mwenyewe aliyepanga hivyo. Luka hatuelezi sababu na mimi sitaijaza. Ila najua barabara ya peke yako inakutoa maombi ambayo kwenye kundi hayatoki, na mengine sio mazuri, mengine ni manung'uniko matupu, na yanapokelewa hivyo hivyo.

Hela niliipataje? Ndugu zangu wa fellowship walichanga wakanitumia kwa wakala, mmoja ametuma elfu tano, elfu tano ya kitanzania, na ujumbe wa kusema samahani ni kidogo. Wafilipi 4:16, hata Thesalonike mliniletea msaada, wala si mara moja. Niliposoma ule ujumbe wa elfu tano nililia kwenye foleni mbele za watu, na ukilia foleni kule wanakupisha, hiyo nayo mjue. Begi lilifika siku za mwishoni, zipu imeng'oka. Kadi haikurudi mpaka leo.

Kwahiyo binti yetu, tutakuombea ufike salama na urudi salama, na tutaendelea kukemea tunavyokemea. Ila fotokopi pasipoti, weka hela sehemu mbili, nguo nzito moja ibaki kwenye kibegi unachopanda nacho. Na mtu akikupa kiti, kaa.

Na sisi tunaobaki tusome 3 Yohana, ni sura moja tu, Gayo anasifiwa kwa kuwahudumia ndugu waliokuwa wageni kwake na kuwasindikiza kwenye safari yao. Stendi ya mabasi ya Mbezi hapa Dar kila siku wanashuka watu wa Burundi, wa Kongo, vijana wazungu na mabegi makubwa wamechanganyikiwa na madalali, na wengi wetu tunapita pale kwenda kazini. Kumwambia mtu nauli ya kweli ya bodaboda inachukua nusu dakika.

Tuombe. Baba, tunakushukuru kwa waliotupa chai na hatujui majina yao. Wabariki nyumbani kwao, kuni zisiwaishie. Mtunze binti yetu, na pale tutakaposhindwa kumfikia sisi muinulie mtu, hata kama si wa kwetu, na umpe moyo wa kupokea. Kwa jina la Yesu, amina.

Tangazo: plagi za Misri ni za pini mbili za duara, hizi zetu za pini tatu haziingii. Mwenye adapta amletee binti Jumapili kabla ya ibada ya pili, atairudisha. Na wale mlioahidi kuchangia hela ya laini ya simu, mwekahazina anawasubiri.