Mama mdogo hayumo kwenye fomu

Jumapili niliamka nikakuta ujumbe wa sauti wa dakika nne, umetoka Tanga. "Mama mdogo, shikamoo. Nimesikia jeshi la Marekani linasomesha watoto wa askari. Mimi nimemaliza kidato cha sita. Si mwanao?"

Ni mwanangu, sina neno jingine la kumwita. Dada yangu, mama yake, ndiye aliyekuwa akiamka saa tisa za usiku kukaanga maandazi mpaka ikapatikana nauli yangu ya kuja kusoma huku. Kama kuna mtu anastahili kula jasho la gwanda langu, ni yule kijana.

Jeshini niliingia 2012, nikiwa na viza ya mwanafunzi, kupitia mpango ulioitwa MAVNI. Ulichukua wageni waliokuwa nchini kihalali na waliojua lugha ambazo jeshi lilizihitaji, Kiswahili kikiwemo. Lugha ya nyumbani ndiyo iliyonifungulia mlango! Uraia niliupata kambini Fort Jackson nilipomaliza mafunzo ya kuruta. Mpango huo ulisimamishwa 2016, lakini mwenye grini kadi bado anaweza kujiunga, na kwenye mafao ya masomo hahesabiwi tofauti na mzaliwa.

Nilitumikia miaka minne nikatoka. Siku ya kutoka unapewa karatasi inaitwa DD-214. Yangu naiweka ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na cheti cha kuzaliwa. Tazama kisanduku namba 24: mle imeandikwa umeondoka vipi. Changu kinasema "Honorable", yaani kwa heshima. Wapo walioandikiwa "General", daraja la chini yake, wakaona ni mamoja kwa sababu hospitali ya VA, idara ya askari wastaafu, inawapokea. Wakienda kuomba masomo wanakataliwa. Tofauti ya neno moja tu.

Mafao yenyewe ni Post-9/11 GI Bill, yaliyoanza kulipwa Agosti 2009. Ukitumikia miezi 36 unapata asilimia 100. Siku 90 zinakupa 50. Chuo cha serikali wanakilipa ada yote ya mkazi wa jimbo. Wewe unaingiziwa posho ya nyumba kwa kiwango cha sajini mwenye familia, kulingana na mahali chuo kilipo, na hela ya vitabu hadi dola 1,000 kwa mwaka. Unapewa miezi 36 ya masomo, nayo haihesabiwi ukiwa likizo, kwa hiyo inatosha miaka minne ya chuo. Mimi niliimaliza kwa uuguzi. Ila ukisoma masomo yote mtandaoni, posho ya nyumba inashuka sana. Chukua hata somo moja la kukaa darasani.

Sasa kijana wangu. Sheria inaruhusu kuhamisha mafao kwa mke, mume au mtoto, yaani uliyemzaa, uliyemwasili kisheria, mtoto wa kambo, au uliyekabidhiwa na mahakama umlee. Mama mdogo hayumo kwenye fomu. Na hata angekuwa wa tumbo langu, ningekuwa nimechelewa: lazima uwe umetumikia miaka sita, ukubali kuongeza minne, na ombi ulipeleke ukiwa bado jeshini. Ukishavua gwanda, mlango umefungwa.

Hili linaniuma kwa ajili ya rafiki yangu mmoja, Mkenya. Alitumikia miaka tisa, ana mabinti wawili. Ofisini kwao aliambiwa atashughulikia akishatoka, akaamini. Binti mkubwa sasa anasoma kwa mkopo. Kwa hiyo wewe uliye na miaka sita na bado unaitikia paredi asubuhi, ingia milConnect, tovuti ya jeshi, leo hii, wagawie wanao hata mwezi mmoja mmoja. Ombi likishakubaliwa, idadi ya miezi unaweza kuibadilisha hata baada ya kutoka. Asiyeandikwa kabla ya kutoka hawezi kuongezwa baadaye. (Watoto wa askari aliyefia kazini, au aliyepata ulemavu kamili wa kudumu kwa ajili ya kazi, wana mafao yao wenyewe, hao wasisubiri kuhamishiwa.)

Nilimpigia jioni, nikamweleza yote taratibu. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo kwao huko mimi ni nani wako?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia ajaze fomu ya Bodi ya Mikopo, na kitakachopungua kitatoka kwenye zamu zangu za usiku. Ameshanitumia picha ya cheti chake cha kuzaliwa nikikague majina.