Cleave: kupasua au kuambatana?

Biblia ya Kiingereza ya King James, ile ya 1611, ina ndimi mbili zilizopewa kitenzi kimoja. Katika Zaburi 137:6 mwimbaji anajiapiza kwamba akiisahau Yerusalemu, basi ulimi wake na u-cleave na kaakaa, yaani ugandamane nalo asiweze kunena. Katika Matendo 2:3, siku ya Pentekoste, zinatokea ndimi zilizo cloven, kama za moto, yaani zilizogawanyika. Ulimi mmoja umenata, mwingine umepasuka, na kitenzi ni kile kile, cleave, kwa macho na kwa masikio; cloven ni umbo lake tu la kitu kilichopasuliwa.

Hapo ndipo wengi husema Kiingereza kina neno moja lenye maana mbili zinazopingana. Si hivyo. Hivi ni vitenzi viwili vilivyozaliwa mbalimbali, vikakutana njiani, vikaishia kuandikwa sawa. Kiingereza cha Kale kilikuwa na clēofan, kupasua, na kando yake clifian, ambacho pia kiliandikwa cleofian, kunata. Cha kwanza kilibadilika kwa ndani ya mzizi: clēaf wakati uliopita, clofen kitu kikishapasuliwa. Cha pili kilikuwa mpole, kinapachikwa kiambishi tu mwishoni. Baadaye irabu zao zikasogeleana, na kufikia Kiingereza cha Kati vyote viwili vikawa cleven. Jirani zao wa Ujerumani na Uholanzi hawakupata mkanganyiko huo: Mjerumani ana kleben kwa kunata na klieben, ingawa siku hizi ni la lahaja tu, kwa kupasua, na Mholanzi ana kleven na klieven. Irabu moja tu imewaokoa.

Ukoo wa kupasua ni mpana. Kloof ya Kiafrikana, bonde jembamba lililokatwa kati ya milima, ni wa humo. Kwa upande wa Kigiriki kuna glyphein, kuchonga, kilichozaa hieroglifu za Misri. Ukoo wa kunata una clay, udongo wa mfinyanzi, na glue, gundi, iliyopitia Kilatini. Ukiona punje ya kitunguu saumu ikiitwa clove, ujue ni kwa sababu kichwa chake hugawanyika chenyewe. Hiyo ni ya ukoo wa kupasua. Karafuu nayo huitwa clove, lakini haimo kabisa: jina lake limetokana na neno la Kilatini la msumari, kwa umbo lake.

Msomaji atavitofautishaje? Tazama kinachofuata kitenzi. Cleave ya kupasua hubeba yambwa, yaani kitu kinachotendwa, moja kwa moja: cleave the wood. Ikikosa yambwa, mara nyingi hufuatwa na through, kama meli inayopasua mawimbi. Cleave ya kunata haibebi yambwa; lazima ishike to au unto. Mwanzo 2:24 inasema mwanamume ata-cleave unto his wife, na Biblia ya Kiswahili imeweka sawasawa: ataambatana na mkewe. Ukiiruka hiyo unto umemgeuza bwana harusi kuwa muuaji. Usitegemee umbo la wakati uliopita likuokoe, maana King James inatumia clave kwa vitenzi vyote viwili. Ibrahimu clave kuni katika Mwanzo 22:3, Ruthu clave unto mkwewe katika Ruthu 1:14. Kiswahili kinasema wa kwanza alichanja, wa pili aliambatana, na hakuna anayejikwaa.

Maumbo ya leo yana fujo yake. Ya kupasua ina clove, cleft na cleaved kwa wakati uliopita, kisha cloven, cleft na cleaved kwa kitu kilichokwisha kupasuliwa. Kinadharia unachagua upendalo. Kwa vitendo mazoea yameshachagua. Kwato ya ng'ombe au mbuzi ni cloven hoof. Kaakaa lililopasuka tangu kuzaliwa ni cleft palate. Ukizibadilisha nafasi utaeleweka, ila utasikika kama mgeni. Ya kunata imebaki na cleaved peke yake, na nje ya maandiko ya dini na hotuba nzito ni nadra kuisikia.

Sasa kosa ninaloliona baya zaidi katika tafsiri: kuandika cleave kuwa vunja. Chupa ikianguka sakafuni haikuwa cleaved, imevunjika tu. Cleave ni kupasua kwa kufuata mstari ambao kitu kilikuwa nao tayari, au ulioandaliwa. Anayechanja gogo anafuata nyuzi za mti, naye msumeno unazikata. Ndiyo maana mpini uliochanjwa huwa imara kuliko uliopasuliwa kwa msumeno: nyuzi zake zinakwenda bila kukatika toka mwisho huu hadi ule. Kanuni ya kazi hiyo ni kugawa nusu kwa nusu kila mara. Ukianza na kipande chembamba pembeni, ufa hukimbilia upande mwembamba na kutokea nje kabla hujafika mwisho. Ukiona umeanza kupotoka, kandamiza na upinde upande mnene; ufa hurudi katikati.

Wanajiolojia walilichukua neno kwa maana hiyo hiyo. Cleavage ya madini ni tabia ya fuwele kuachana kwenye bapa ambako atomi zimeshikana kwa udhaifu. Mika ina bapa moja, hivyo hubanduka kama kurasa. Chumvi ya mawe ina tatu zinazokutana kwa digrii 90, ndiyo sababu ukiigonga hutoa vijisanduku. Almasi ina nne, na ugumu wake wote hauizuii kupasuka ikigongwa panapostahili. Kwatzi haina bapa la maana. Yenyewe huvunjika kwa mikunjo kama kioo, na hapo Mwingereza hubadili neno, husema fracture. Almasi ya Cullinan, karati 3,106, ilipasuliwa hivyo Amsterdam mwaka 1908: unachonga mfereji mdogo, unaweka bamba butu la chuma, unagonga. Bamba huwa butu makusudi, lisiguse chini ya mfereji bali lisukume kingo zake mbili.

Katika baiolojia cleavage ni kugawanyika kwa yai lililorutubishwa: seli 2, 4, 8, na kuendelea, bila kiinitete kukua kwa ukubwa, hivyo kila seli huzidi kuwa ndogo. Maana ya mfereji kati ya matiti ya mwanamke ni ya juzi tu, ilienea miaka ya 1940, na ndiyo inayowafanya wanafunzi wa jiolojia wacheke.

Anayelitumia neno hili kila siku siku hizi ni fundi wa faiba, zile nyuzi za kioo zinazopeleka mawasiliano kwa mwanga. Kifaa chake huitwa cleaver, jina lile lile la kisu kipana cha buchani, ila hakikati. Uzi wa kioo wa mikromita 125 humenywa ganda lake, hufutwa kwa spiriti, kisha kijigurudumu kigumu huukwaruza mara moja na uzi kuvutwa au kukunjwa hadi uachane. Kioo hakina nyuzi za ndani, kwa hiyo mkwaruzo ndio mstari wa kufuata. Uso wa mwisho usipinde zaidi ya digrii 1, na fundi mzuri hutafuta chini ya 0.5. Ukipita hapo, au ukibaki na mdomo uliochomoza, mashine ya kuunga hukataa, au inaunga na mwanga unapotea kwenye kiungo. Mara nyingi mkosaji ni gurudumu lililochakaa sehemu moja. Lizungushe kidogo litumie makali mapya.

Baada ya hapo ncha mbili huyeyushwa zikashikana. Ungetarajia cleave ya kunata ipate kibarua hapa, lakini mafundi husema splice, neno la mabaharia lililotoka Kiholanzi kwa kuunga kamba. Nalo, kwa wanavyoona wataalamu wa asili ya maneno, huenda ni ndugu wa split: ili uunge kamba mbili, kwanza unazifumua nyuzi zake.