Etha moja ya silili kutoka kwa ketoni na kwa alkoholi: nilivyoachana na klorosileni

Kwa muda mrefu, kila nilipotaka kulikinga kundi la haidroksili (–OH) kwa kulifunga na silikoni, yaani kuligeuza kuwa etha ya silili, nilifuata njia iliyotokana na kazi ya Corey na Venkateswarlu ya mwaka 1972: klorosileni (silikoni iliyofungwa na klorini), imidazoli ya kunyonya asidi, na DMF (dimethilifomamaidi) kama kiyeyushi. Ni njia ya kutegemewa, lakini ina taka nyingi. Milimoli 10 za alkoholi huacha takriban gramu 1.05 za chumvi ya imidazoli, karibu uzito sawa na alkoholi yenyewe, na DMF haitoki mpaka uoshe kwa maji tena na tena. Tena kianzio changu kilikuwa ketoni, asetofenoni. Ilinibidi kwanza niiongezee haidrojeni iwe 1-feniletanoli, niisafishe na kuikausha, ndipo niifunge kwa silikoni.

Nikahamia kwenye trietilisileni (sileni, yaani kiwanja chenye kifungo cha silikoni na haidrojeni) na kichocheo cha boroni, B(C6F5)3. Parks na Piers, wakiwa Calgary nchini Kanada, walionyesha mwaka 1996 kwamba kiasi kidogo cha boroni hii, asidi ya Lewis (yaani mpokeaji wa jozi ya elektroni), kinatosha kuifanya sileni iingie moja kwa moja kwenye kabonili (kundi la C=O, kama la ketoni). Haidrojeni ya sileni huenda kwenye kaboni, silikoni huenda kwenye oksijeni, na hakuna atomu inayotupwa. Miaka michache baadaye kundi la Piers likaonyesha kuwa kichocheo hicho hicho huunganisha sileni na alkoholi, na kinachotoka ni gesi ya haidrojeni tu. Kwangu hilo lilikuwa na maana kubwa, kwa sababu shehena yangu ya ketoni ilikuwa na alkoholi kidogo ndani yake. Zote mbili zinaishia kwenye etha ile ile, basi hapakuwa na haja ya kuzitenganisha.

Kilichonisaidia kuliko maelekezo yoyote ni kuelewa mmenyuko wenyewe unavyokwenda. Mtu hudhani boroni huishika oksijeni ya ketoni na kuilegeza. Kweli huishika, lakini huko ni kupotea njia. Kazi halisi inafanyika boroni inapoishika haidrojeni ya sileni: silikoni hubaki na njaa ya elektroni, oksijeni ya kabonili huishambulia kwa upande wa nyuma, kisha haidraidi (haidrojeni pamoja na elektroni zake mbili) iliyobebwa na boroni humalizia kwenye kaboni. Mwaka 2008 Rendler na Oestreich walitumia sileni yenye silikoni ya kiral (yenye umbo la mkono wa kulia au wa kushoto), wakaona umbo lake linageuka, jambo linaloafiki shambulio la nyuma. Ndiyo maana kabonili zenye besi dhaifu, kama esta, zikiwa peke yake huenda haraka kuliko ketoni: haziibani boroni, zinaiacha huru kwa sileni. Kwa sababu hiyo hiyo alkoholi za sekondari na za tatu huenda vizuri kuliko za msingi, ambazo huing'ang'ania boroni.

Kutokana na hayo niliamua kwamba kitu cha kupimwa kwa ukali ni sileni, si kichocheo. Sileni ikizidi, boroni haitulii; inaikata etha uliyotengeneza na kuondoa oksijeni kabisa. Kwa etha ya benzili kama yangu, ambayo oksijeni yake iko kwenye kaboni iliyo jirani na pete ya benzini, mwisho wake ni ethilibenzini.

Kwa milimoli 10 za ketoni, yaani gramu 1.20, nilitumia kichocheo miligramu 51, sawa na asilimia 1 ya moli, ndani ya toluini kavu chini ya naitrojeni. Sileni, gramu 1.16 au kama mililita 1.6, niliitia mwisho kwa sirinji, tone kwa tone, chupa ikiwa kwenye barafu. Hapa subira ni lazima. Mwanzoni ketoni nyingi huishika boroni na mambo huonekana kusimama. Ukimimina sileni yote kwa pupa, joto litakuja lote kwa pamoja. Unyevu kidogo kwenye kichocheo haukunitisha, kwani sileni huumaliza yenyewe kwa mapovu machache ya haidrojeni, ila sehemu hiyo ya sileni inabidi uihesabu.

Upande wa alkoholi, hesabu muhimu ni ya gesi. Milimoli 10 hutoa karibu mililita 240 za haidrojeni kwenye joto la chumba, nayo huwaka ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 ya hewa. Chupa haifungwi kamwe. Njia ya gesi iwe wazi hadi kwenye kabati la moshi, mbali na cheche.

Kufuatilia ni rahisi. Kwenye infraredi, mstari wa Si–H karibu na 2100 cm⁻¹ na ule wa kabonili karibu na 1685 cm⁻¹ hupungua pamoja. Kwenye NMR (kipimo cha mwangwi wa sumaku wa viini), methili ya asetofenoni iliyo 2.6 ppm hutoweka na kwartet (mstari uliogawanyika mara nne) ya CH huchomoza karibu na 4.9 ppm. Mara tu ketoni inapokwisha, natia trietilamini kidogo. Inaikamata boroni, na hatari ya kukatwa kwa etha inaisha hapo hapo. Kisha napitisha kwenye alumina fupi, kwa sababu silika yenye asidi huzing'oa etha za trietilisilili, na kuvuta kwa ombwe. Sileni iliyobaki huchemka nyuzi 107, kwa hiyo inatoka bila shida.

Si kila molekuli inafaa. Ikiwa na epoksidi, asetali au etha nyingine dhaifu, boroni hii itaigusa, na hapo naona shaba ni bora: haidraidi ya shaba yenye fosfini, ile inayoitwa kitendanishi cha Stryker, hufanya kazi kama kichocheo pamoja na sileni na kutoa etha ya silili moja kwa moja. Ila nisingechagua trietoksisileni kama chanzo cha haidraidi kwa sababu ya bei nafuu tu. Inaweza kujigawa na kutoa SiH4, gesi inayojiwasha yenyewe ikigusa hewa.