Maksi za Jua

Jana binti yangu aliinua chupa ya dawa ya kikohozi: "Mama, mbona hizi chupa zina rangi ya kahawia?" Nikamjibu kwamba dawa nyingine huharibiwa na mwanga. Kijiko kikabaki mkononi, mawazo yakaenda Chumbageni.

Mwaka ule nilikuwa nimerudi Tanga na utafiti wa uzamili haujaisha, huku nafundisha kidato cha sita. Ya mshahara tuyaache. Nilishughulika na vikundi kinga vinavyoondolewa kwa mwanga: unaifunika sehemu ya molekuli isiguswe na hatua zinazofuata, halafu unaimulika, kifuniko kinatoka. Wanakemia Patchornik, Amit na Woodward waliandika juu yake mwaka 1970. Mimi kilichonivutia ni kwamba huongezi asidi wala besi, ni mwanga tu.

Siku hiyo nilileta esta ya asidi asetiki na ortho-nitrobenzili, yaani asidi ya siki pamoja na kifuniko chake, na taa ya urujuanimno ya nanomita 365. Madirisha tuliyaziba kwa kanga. Nikawasha. Umeme ukakatika.

Mvulana wa nyuma, ambaye kwa kawaida hanyanyui hata mkono, akasema: "Mwalimu, kwani hiyo taa si inaigiza jua?"

Tukatoka. Testi tyubu mbili kwenye ukingo wa baraza, moja imevikwa foili, nyingine wazi. Jua la saa sita, mbuzi wa jirani wanagombea kivuli cha mwembe, na wanafunzi wangu hawasogei. Ile ya wazi ikaanza kukolea manjano, polepole mno, kiasi cha wao kubishana kama kweli imebadilika. Nikawaambia ile rangi ni kifuniko chenyewe, kimeshatoka na kugeuka kuwa kiwanja kingine, cha nitroso. Kisha litmasi ya bluu, karatasi ya kupimia asidi: upande wa jua ikawa nyekundu, wa foili ikabaki bluu. Msichana mmoja akaninyang'anya karatasi, akarudia mwenyewe, hakuniamini.

"Na kifuniko kinarudi?"

"Hakirudi."

Msimamizi wangu wa utafiti alipopigiwa simu aliuliza jambo moja: mwanga kiasi gani? Alikuwa na haki. Wingu likipita, hesabu zote zimevurugika, na taa hununuliwa kwa sababu hiyo. Jaribio halikuingia kwenye tasnifu, hata kwenye kiambatisho. Wala siwezi kuapa kwamba walijifunza kemia. Huenda walifurahia tu kutoka darasani.

Yule mvulana sasa anauza simu Ngamiani. Tukikutana ni "Shikamoo, mwalimu," kisha ananiuliza kama chuo kilishanipa maksi za jua.