Namba ya Jarida na Watu Wanaoliendesha

Watafiti wakiwa wanazungumza na mmoja wao akataja jarida ambalo wenzake hawalijui, swali linalofuata mara nyingi huwa fupi: "Lina ngapi?" Kinachoulizwa hapo ni kipimo cha athari, namba inayotolewa kila mwaka kwa majarida yaliyomo katika hifadhidata ya Web of Science, ambayo baada ya muda imepewa mamlaka ya kuamua nani apandishwe cheo, nani apewe fedha za utafiti na makala ipelekwe wapi kwanza. Nimekuwa nikipitia miswada ya wanataaluma wenzangu kwa niaba ya wahariri, na kadiri ninavyouona uendeshaji wa majarida kwa ndani ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba namba hiyo inaeleza jambo dogo sana, na kwamba mtu anayetaka kulijua jarida hana budi kuwatazama watu wanaoliendesha.

Kipimo chenyewe kilizaliwa kwa haja ya kawaida kabisa. Mwaka 1955, Eugene Garfield, Mmarekani aliyejishughulisha na upangaji wa taarifa za kisayansi, alipendekeza katika jarida la Science kwamba kuwe na faharasa ya kuonyesha makala mpya zimerejelea makala zipi za zamani, kwa mfano wa faharasa ambazo mawakili wa Marekani walikuwa wakizitumia tangu karne ya 19 kufuatilia kesi zilizotajwa katika hukumu za baadaye. Taasisi aliyoianzisha mjini Philadelphia ilitoa faharasa hiyo mwaka 1964. Kwa kuwa haikuwezekana kuingiza kila jarida lililochapishwa duniani, Garfield na mwenzake Irving Sher walihitaji njia ya kuchagua majarida bila kuyapendelea yale makubwa yanayotoa makala nyingi, ndipo wakaamua kuigawa idadi ya marejeleo kwa idadi ya makala. Kuanzia 1975 vipimo hivyo vikawa vinachapishwa katika ripoti maalumu, na wakutubi wakapata msaada wa kuamua ni majarida gani yanastahili kulipiwa kwa bajeti waliyo nayo. Leo ripoti hiyo iko mikononi mwa kampuni ya Clarivate. Hakuna mahali katika historia hiyo ambapo namba hii ilibuniwa ili kumpima mtafiti mmoja mmoja, na Garfield mwenyewe aliwahi kuonya mara kadhaa juu ya matumizi hayo.

Hesabu yake ni rahisi. Kipimo cha mwaka 2023 hupatikana kwa kuchukua marejeleo yote yaliyofanywa mwaka 2023 kwenda kwa maandishi ambayo jarida lilichapisha mwaka 2021 na 2022, kisha kuyagawa kwa idadi ya makala za utafiti na makala za mapitio (zile zinazojumlisha tafiti za wengine) zilizochapishwa katika miaka hiyo miwili. Jarida lililochapisha makala 100 na kurejelewa mara 300 litapata 3. Ukitazama kwa makini utaona kwamba pande mbili za mgawanyo huu hazilingani: juu huhesabiwa marejeleo ya kila kitu, zikiwemo tahariri, barua za wasomaji na habari fupi, ilhali chini huhesabiwa makala za utafiti na za mapitio peke yake. Jarida lenye kurasa nyingi za maoni yanayorejelewa hujipatia marejeleo ya bure, kwa kuwa maandishi hayo hayaongezi kigawanyo. Suala la maandishi gani yahesabiwe chini limewahi kuwa jambo la majadiliano kati ya wachapishaji na watoaji wa ripoti, na nadhani hilo peke yake lilitosha kupunguza heshima ya namba iliyokuwa ikitolewa kwa tarakimu tatu baada ya nukta kana kwamba ile ya tatu ilikuwa na maana yoyote. Tangu 2023 imebaki tarakimu moja.

Lakini kasoro kubwa zaidi ni ya wastani wenyewe. Marejeleo hayagawanyiki sawasawa: makala chache hurejelewa sana, na nyingi hurejelewa kidogo au zisirejelewe kabisa. Mfano ulio wazi kuliko yote ninaoujua ni wa Acta Crystallographica, sehemu A, jarida la wataalamu wa muundo wa fuwele. Mwaka 2008 kipimo chake kilikuwa 2.051. Mwaka uliofuata kikaruka hadi 49.926, kikayapita majarida mengi maarufu ya sayansi. Wahariri hawakuwa wamebadili kitu, wala waandishi wote wa jarida hawakuwa wamepata maono mapya kwa pamoja. Kilichotokea ni kwamba mwaka 2008 George Sheldrick alichapisha humo makala ya historia ya SHELX, programu zake za kukokotoa muundo wa fuwele, akaeleza kwamba makala hiyo inaweza kutumika kama rejeleo la jumla kwa kila anayezitumia. Wanaozitumia ni maelfu, nao wakafanya hivyo. Miaka miwili ya hesabu ilipokwisha, kipimo kikarudi karibu na 2. Sasa fikiria mtafiti aliyechapisha makala ya kawaida katika jarida hilo mwaka uleule, kisha akaomba kupandishwa cheo wakati namba ikiwa karibu 50, na mwenzake aliyechapisha makala ya ubora huohuo miaka michache baadaye. Kamati inayotazama namba ingewaona watu wawili tofauti kabisa.

Tofauti za fani nazo zinaharibu ulinganisho. Katika baiolojia ya molekuli makala huwa na marejeleo mengi na mengi kati ya hayo ni ya miaka ya karibuni, kwa hiyo dirisha la miaka miwili linaifaa fani hiyo. Katika hisabati au historia, makala inaweza kuanza kusomwa kwa dhati baada ya miaka mitano au kumi, wakati dirisha limeshafungwa zamani. Ndiyo sababu vimebuniwa vipimo vingine. SNIP, iliyotoka Leiden nchini Uholanzi, hurekebisha hesabu kulingana na desturi za urejeleaji za kila fani; SJR, iliyobuniwa Hispania, hulipa uzito zaidi rejeleo linalotoka katika jarida lenye hadhi; na CiteScore, iliyoanza 2016, hutumia hifadhidata ya Scopus na sasa huhesabu dirisha la miaka minne. Scopus ni mali ya Elsevier, ambayo pia ni mchapishaji mkubwa wa majarida, kwa hiyo mchezaji na mtunza alama wanakaa nyumba moja. Sisemi kwamba wanadanganya, ila ni vizuri msomaji ajue. Kisha kuna mgawanyo wa robo nne, unaopanga majarida ya kila somo kuanzia yenye kipimo cha juu hadi ya chini, ambao watu huutaja kama cheo cha kudumu, ingawa jarida moja linaweza kuwa robo ya kwanza katika somo moja na robo ya pili katika somo jingine kwa mwaka uleule.

Namba ikishakuwa na thamani, watu huanza kuitafuta yenyewe. Wapo wahariri wanaochapisha makala nyingi za mapitio kwa sababu hurejelewa zaidi, na wapo wanaofanya lililo baya zaidi: kumtaka mwandishi aongeze marejeleo ya jarida lao kabla ya kukubaliwa. Ombi hilo huja kwa lugha ya adabu. Barua ya mhariri husifu kazi, hupendekeza marekebisho mawili matatu ya maana, halafu mwishoni huongeza kwamba muswada "ungenufaika kwa kujihusisha zaidi na mijadala iliyomo katika jarida letu", bila kutaja mjadala wala makala. Mhariri anayejua kilichopungua hutaja makala na kueleza inahusiana vipi na hoja. Majarida mengine hukubaliana kurejeleana, na Clarivate hulinyima kipimo kwa mwaka husika jarida linalobainika kufanya hivyo.

Tugeukie uendeshaji, kwa sababu hapa ndipo namba isipofika. Muswada ukitumwa, mara nyingi kupitia mfumo wa mtandaoni kama Open Journal Systems, ambao hutolewa bure na hutumiwa na maelfu ya majarida, kwanza huangaliwa na mhariri mkuu, ambaye katika majarida mengi ni mhadhiri anayefanya kazi hiyo juu ya kazi zake nyingine, kwa posho kidogo au bila malipo. Miswada mingi huishia hapo, ama kwa kuwa haihusiani na jarida, ama kwa kuwa haijafikia kiwango. Ile inayopita hukabidhiwa mhariri msaidizi, naye huanza kazi ngumu kuliko zote, ya kutafuta wapitiaji, yaani wataalamu wa kuusoma na kuutathmini muswada. Huandika kwa mtaalamu wa kwanza, asijibiwe. Huandika kwa wa pili, akaambiwa ana shughuli. Wa tatu hukubali, kisha hukaa na muswada miezi miwili. Mwandishi anayelalamika kwamba makala yake "imelala" mezani mara nyingi hajui kwamba haijalala, inatafutiwa msomaji.

Ripoti zikirudi, tofauti ya jarida zuri na baya huonekana waziwazi. Mpitiaji makini huanza kwa kueleza kwa maneno yake makala inadai nini, ili mwandishi ajue kwamba imesomwa. Hutenga kasoro zinazobomoa hoja na zile za kurekebishika. Huuliza kuhusu sampuli, jedwali fulani, hatua fulani ya uchambuzi. Mpitiaji mvivu huandika mistari miwili kwamba makala ni nzuri na Kiingereza chake kirekebishwe. Mhariri mzuri hutafuta ripoti nyingine. Mhariri mbaya huihesabu kuwa ripoti. Hakuna kipimo cha marejeleo kinachoweza kuona tofauti hiyo, nayo ndiyo kiini cha kazi ya jarida.

Fedha nazo zinaacha alama. Zamani msomaji au maktaba yake ndiye aliyelipa, kwa usajili wa mwaka. Katika majarida huria mengi, yale yanayosomwa bure, siku hizi hulipa mwandishi, kwa ada ya uchapishaji, na mchapishaji akilipwa kwa kila makala inayokubaliwa, kishawishi cha kukubali nyingi hakihitaji maelezo. Kampuni ya Wiley ilinunua Hindawi, mchapishaji wa majarida huria, mwaka 2021, na kufikia mwisho wa 2023 zaidi ya makala 8,000 za Hindawi zilikuwa zimefutwa ndani ya mwaka huo mmoja, nyingi zikiwa zimepenya kupitia matoleo maalumu yaliyosimamiwa na wahariri waalikwa. Miaka kumi kabla yake, mwaka 2013, John Bohannon aliripoti katika Science kwamba alituma makala ya uongo yenye kasoro za makusudi kwa majarida huria 304, na 157 yakaikubali. Wapo pia wachapishaji wanaofuata njia ya tatu, ambapo chuo au chama cha wanataaluma hubeba gharama na hakuna anayelipa, si msomaji wala mwandishi. Majarida hayo huwa madogo, mengi hayamo katika faharasa kubwa, na kwa hiyo ukiuliza "lina ngapi?" utajibiwa "halina", ingawa wahariri wake wanaweza kuwa waangalifu kuliko wa jarida lenye 5.

Tukio lililonionyesha wazi umbali kati ya namba na watu ni la NeuroImage, jarida la utafiti wa ubongo kwa njia ya picha. Aprili 2023 wahariri wake zaidi ya 40, akiwemo mhariri mkuu, walijiuzulu kwa pamoja kwa kuipinga ada ya uchapishaji ya dola 3,450 ambayo Elsevier ilikataa kuipunguza. Wakaanzisha jarida jipya, Imaging Neuroscience, chini ya MIT Press. Wahariri wa Lingua, jarida la isimu la Elsevier, walikuwa wamefanya hivyohivyo mwaka 2015, wakaanzisha Glossa. Katika hali zote mbili jina la zamani lilibaki kwa mchapishaji, na pamoja na jina kikabaki kipimo cha athari, kwa kuwa marejeleo ni ya jarida. Maarifa, mawasiliano na wapitiaji, na uamuzi wa miaka mingi vikaondoka mlangoni siku moja, na namba haikutikisika siku hiyo wala mwezi uliofuata.

Upinzani dhidi ya matumizi mabaya ya namba umekuwepo kwa muda. Azimio la San Francisco, lililotolewa 2013, linazitaka taasisi zisitumie vipimo vya majarida badala ya kutathmini ubora wa makala yenyewe. Ilani ya Leiden ya 2015 inaongeza jambo linalopaswa kuwagusa wote wanaoandika kwa lugha nyingine, kwamba utafiti wenye umuhimu wa kieneo usipotee kwa sababu tu haukuandikwa kwa Kiingereza. Jarida la eLife lilienda mbali zaidi: kuanzia 2023 muswada ukishapelekwa kwa wapitiaji huchapishwa pamoja na ripoti zao na tathmini ya wahariri, bila kutangazwa kwamba umekubaliwa au umekataliwa. Mwishoni mwa 2024 ikatangazwa kwamba halitapata tena kipimo cha athari.

Mwanafunzi anayeniuliza kuhusu jarida asilolijua, huwa namwambia aanze na orodha ya wahariri, awatafute mmoja mmoja katika kurasa za vyuo vyao, maana majarida ya kitapeli huorodhesha majina ya watu ambao hawana habari. Halafu atazame tarehe zilizo chini ya kichwa cha makala, ya kupokelewa na ya kukubaliwa. Siku nne kati ya hizo mbili ni chache mno kwa wapitiaji wawili na marekebisho. ISSN isimridhishe, kwa sababu ni namba ya utambulisho tu na haithibitishi ubora. Aangalie kama jarida linachapisha masahihisho na taarifa za kufuta makala, na linasema wazi anayelipa ni nani. Mwisho afungue toleo moja, achague makala ambayo anaielewa mada yake, na aisome hadi mwisho, pamoja na majedwali.