Kalenga, kwenye fuvu la Mtwa Mkwawa

Kalenga iko kama kilomita 15 kutoka Iringa mjini, upande wa kuelekea Hifadhi ya Ruaha. Magari ya watalii hupita mbio kuwahi tembo na simba. Mimi nilimwomba kijana wa bodaboda anikatishie kona kuingia kijijini.

Makumbusho ni kijengo kidogo tu. Mzee anayewatembeza wageni alinipokea kwa "Kamwene", nami nikaitika vivyo hivyo, nikalipa kiingilio. Ngao, mikuki na bunduki alinionyesha harakaharaka, maana alijua nimefuata nini. Fuvu limo ndani ya kioo.

Hapo tulikaa sana. Tarehe 17 Agosti 1891, kule Lugalo, jeshi la Mkwawa, mtwa (yaani mtawala) wa Wahehe, liliwavunja Wajerumani na kamanda wao, Emil von Zelewski, akauawa. Oktoba 1894 walirudi na mizinga wakaiteka ngome yake, hapahapa Kalenga. Akaingia porini akapigana nao hadi Julai 1898, alipojipiga risasi ili asishikwe akiwa hai. Wakamkata kichwa, kikapelekwa Ujerumani.

Nilikuwa nimelisoma jambo hili, lakini kulisikia ukiwa mbele ya kioo kile kunauma: Mkataba wa Versailles wa 1919, ule wa mataifa makubwa, una kifungu cha 246 kinachoitaka Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa. Miaka zaidi ya 30 ikapita. Ndipo Gavana Mwingereza wa Tanganyika, Edward Twining, alipokwenda Bremen, kwenye makumbusho yenye mafuvu yapatayo 2,000, akachagua kwa kulinganisha vipimo na vichwa vya ndugu wa Mkwawa. Juni 1954 alimkabidhi mjukuu, Chifu Adam Sapi, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu.

"Mzee, ndilo lenyewe kweli?" nikauliza.

Hakuudhika. "Mwanangu, waliolichanganya na mengine ni wao. Sisi tulimpokea mtu wetu."

Jibu hilo linanitosha. Na naona ni haki likae Kalenga, si Dar es Salaam, hata kama wageni ni wachache. Makaburi ya Chifu Sapi, mwana wa Mkwawa, na Adam Sapi nayo yapo jirani, nikayazuru. Kisha nikapatana bei na yule kijana anipeleke Mlambalasi, ulikozikwa mwili wa Mtwa bila kichwa.