Siku moja maishani mwangu: fundi wa mabwawa ya kuogelea, Malindi

Saa kumi na moja alfajiri nimeshaamka. Chai ya rangi, mahamri yaliyobaki jana, begi mgongoni, bodaboda hadi barabara ya Casuarina. Nikimwambia mtu natunza mabwawa ya kuogelea, picha inayomjia ni ya kijana mwenye wavu anaopoa majani. Majani naopoa, sikatai. Lakini kinachonilisha ni uchafu usioopoleka kwa wavu, na huo ndio nataka muujue.

Saa kumi na mbili hadi saa tatu: mabwawa ya kawaida. Brashi, kupima klorini (miligramu 1 hadi 3 kwa lita), kupima pH, yaani kiwango cha asidi majini (kati ya 7.2 na 7.6), kuosha mchanga wa filta, kwenda zangu.

Kazi hunoga na hutesa msimu huu wa kaskazi. Mvua za bara zikishateremka, mto Sabaki humwaga udongo mwekundu baharini kaskazini ya mji, na upepo huusukuma kuja huku kwetu. Ufuo ukibadilika rangi, mgeni hataki bahari, ataka bwawa. Na maji ya kujazia bwawa mara nyingi huja kwa lori, mengine yana vumbi la udongo ambalo jicho halilioni kwenye ndoo.

Saa tatu na robo simu ikalia. Mzee anayesimamia nyumba moja ya kupangisha. "Fundi, njoo mbio. Maji yamekataa, na wageni waingia saa kumi."

Nilipofika, bwawa la mita 10 kwa 5 lilikuwa limefifia kiasi kwamba ngazi ya pili haionekani. Pembeni ya pampu chupa ya lita moja ya dawa ya kugandisha uchafu, tupu. Lori lilileta maji juzi, yakawa na ukungu, mzee akatia vifuniko viwili. Jana asubuhi ukungu ungalipo kidogo, akaimimina yote, akaacha pampu inazunguka usiku kucha.

"Si umeniambia mwenyewe hii dawa ni nzuri? Basi nimeitia sana."

"Mzee wangu, ndiyo sababu maji yamekataa."

Hapo ndipo asubuhi yangu ilipokwama. Mzee hakubali. Dawa nyingi yafanya kazi zaidi, kila mtu ajua hivyo. Pengine hii ni bandia. Pengine fundi ataka kumuuzia nyingine. Mwenye nyumba akapiga simu kutoka Italia, nikawekwa kwenye spika, nikaanza upya. Mpishi akaja kusikiliza. Askari wa getini naye akaja, akatoa hukumu kwamba ni klorini imekwisha.

Nikaomba glasi tatu za jikoni.

Niliyowaambia ni haya. Chembe ya udongo yenye upana wa sehemu moja ya elfu ya milimita haizami upesi: kwenye maji yaliyotulia kabisa huhitaji zaidi ya wiki mbili kushuka mita moja na nusu. Filta ya mchanga nayo haiwezi kuinasa, ni ndogo mno. Tena chembe hizi zote zina chaji hasi ya umeme, kwa hiyo zafukuzana, hazishikani zikawa bonge. Dawa ile ni polima, yaani molekuli ndefu kama mnyororo, yenye chaji chanya. Ikikuta chembe hulala juu yake, lakini hailali yote. Mwaka 1979 wanasayansi wawili, Scheutjens na Fleer, kule Wageningen, Uholanzi, walitoa hesabu ya jinsi mnyororo unavyokaa: sehemu zake zimelala usoni mwa chembe, sehemu zimepinda zikawa vitanzi vinavyoelea majini, na ncha zake mbili ni mikia iliyochomoza. Vitanzi na mikia hiyo ndiyo hushika chembe ya pili, na ya tatu. Daraja limejengeka, bonge limekua, bonge lazama.

Sasa daraja lahitaji uso mtupu upande wa pili. Ukimwaga polima kupita kiasi, kila chembe huvikwa pande zote. Mkia ukichomoza haupati pa kushika, na chembe zote zimekuwa na chaji chanya, zaanza kufukuzana upya. Kipimo cha dawa hufuata ukubwa wa nyuso za uchafu uliomo, hakifuati haraka ya mtu.

"Si itajiachia yenyewe baadaye?" mpishi akauliza, na hilo lilikuwa swali bora la siku nzima. Nikamwambia amuulize mvuvi wa pweza. Ukibandua mkono mmoja wa pweza kwenye jiwe, mingine ingali imeshika, na ule wa kwanza warudi. Mnyororo wa polima umeshika mahali pengi mno, haung'oki kwa kuoshwa na maji peke yake.

Glasi ya kwanza: maji ya bwawa matupu. Ya pili: maji ya bwawa na tone jingine la dawa. Ya tatu nikatia kijiko cha maji niliyokorogea bentonaiti, udongo laini wanaotumia wachimba visima, ambao ni safi na una chaji hasi. Nikakoroga taratibu, maana ukikoroga kwa nguvu mabonge hukatika. Mzee alipoona natia udongo kwenye maji machafu aliinuka.

"Maji yametibuka, nawe waongeza udongo!"

Nikamwomba akae. Muda wa kunywa chai moja ukapita. Glasi ya kwanza na ya pili, ukungu uleule. Ya tatu, vipande vidogo kama sufi vikaanza kuonekana, vikashuka, vikatanda chini, na juu yake maji yakang'aa hata alama ya kidole cha mpishi upande wa pili wa glasi ikaonekana. Chembe zilizovikwa zimepata nyuso tupu za kushika. Mzee aliishika glasi ile muda mrefu. Hakusema nimeshinda, alisema, "Basi fanya."

Kufanya ni jambo jingine. Mchanga wa filta ulikuwa umeshikana madonge, kwa sababu polima haichagui: punje ya mchanga nayo ni uso. Nikaufungua, nikauvunja kwa mikono, nikauosha hadi jua likawa utosini. Kisha kupima kiasi cha bentonaiti kwa kulinganisha na glasi, kuilowesha, kuichuja kwa kitambaa, kuimwaga huku natembea ukingoni na kukoroga kwa ufito. Mgongo uliniuma. Chakula sikumbuki nilikula saa ngapi.

Wageni walifika, wakaliona bwawa lina matope, wakanuna. Mwenye nyumba akapiga tena, akasema hatalipa kazi ambayo maji yametoka machafu kuliko yalivyoingia. Nikamjibu kwa heshima kwamba bei ni ileile, na kufyonza mashapo kesho imo ndani yake. Mzee ndiye aliyenitetea, kwa Kiitaliano, kirefu, huku anaonyesha ile glasi kwenye kamera ya simu.

Mabwawa ya mchana niliyakimbilia jioni, mawili tu, mengine nikaomba radhi.

Saa tatu usiku nimelala chali, simu yalia. Mzee. "Fundi, nimemulika na tochi. Ngazi ya tatu naiona. Chini kumejaa vumbi jingi. Niwashe pampu liondoke?"

"Hapana mzee, pampu italitibua lote. Hilo nalifyonza kesho, moja kwa moja hadi bomba la nje, lisipite kwenye filta."

"Hata kidogo nisiwashe?"

"Hata kidogo. Na wageni wasiingie. Nitakuwa hapo saa kumi na moja na nusu."